Kurekebisha Michezo kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu wa Viungo: Mwongozo kwa Mwalimu Anayeanza

Swali huwa ni lile lile, sura tu ndiyo hubadilika. "Nina mwanafunzi mmoja wa kiti cha magurudumu katika darasa la watu arobaini, nimweke wapi?" "Ana mtindio wa ubongo, mkono mmoja haufunguki, ataudakaje mpira?" "Anatembea kwa magongo, naogopa ataanguka." Na nyuma ya kila swali kuna jibu ambalo mwalimu keshalitumia wiki kadhaa: kampa mwanafunzi filimbi, au daftari la kuhesabia magoli, au kamwambia akae kivulini alinde mabegi ya wenzake.

Nami nilianza hivyo hivyo. Mwanafunzi wangu wa kwanza wa kiti cha magurudumu alihesabu magoli ya wenzake muhula mzima, tena kwa uaminifu, mpaka siku aliponiuliza ya kwake yatahesabiwa lini.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyechoka na jibu la filimbi. Nadharia nimeibana sana. Lipo jambo moja tu la kulishika kabla hatujaanza: mchezo ni kanuni zilizotungwa na watu, na kilichotungwa huweza kutungwa upya. Mwaka 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale, yakashirikisha askari 16 waliojeruhiwa, wote wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hakubuni mchezo mpya. Alichukua upinde na mshale vilevile, akaondoa sharti la kusimama. Miaka 12 baadaye, Roma mwaka 1960, walikusanyika wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, na michezo hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza, yaani mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu. Wewe huhitaji kufika huko. Unahitaji kufika kipindi cha kesho.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usikusanye vyote kwa pamoja. Vinne au vitano vya mwanzo vinatosha kwa mwezi wa kwanza.

- Sehemu ngumu iliyo sawa: sakafu ya ukumbi, saruji, lami au udongo ulioshindiliwa. Mchanga na majani marefu ni adui wa magurudumu na wa magongo.
- Chaki au kamba ya kuwekea mipaka, na chupa za plastiki zilizotiwa mchanga kidogo kama huna koni.
- Mipira ya namna tofauti: mkubwa mwepesi kama ule wa ufukweni, mpira wa sponji, mpira uliopunguzwa upepo, na soksi zilizojazwa mchanga zikafungwa vizuri.
- Mikeka au magodoro membamba ya kukalia.
- Bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa mita moja hivi, lililopasuliwa kwa urefu likawa mfereji. Utaiona kazi yake baadaye.
- Mikanda mipana ya kitambaa, glavu, pampu na spana.
- Maji ya kunywa, na kivuli cha kweli.
- Daftari. Hili ni lako, si la mwanafunzi kuhesabia magoli.

Cha mwisho si kifaa: karatasi kutoka kwa mzazi, daktari au mtaalamu wa viungo inayosema mwanafunzi *asifanye* nini. Sisitiza neno hilo. Ukiuliza "anaweza kucheza?" utajibiwa hapana, maana hapana ni jibu jepesi kwa asiyejua unataka kuchezesha nini. Ukiuliza "nimzuie nini hasa?" utapata orodha fupi, na kila kisichokuwemo ni ruhusa.

Hatua ya 1: Zungumza naye mwenyewe, kabla ya kipindi, pembeni

Usimwulize mbele ya darasa. Na usimwulize anayemsukuma kiti, mwulize yeye. Maswali manne yanatosha:

Unapenda mchezo gani ukiwa unautazama tu? Mkono upi au mguu upi unauamini zaidi? Kitu gani huuma au huchosha haraka? Ukianguka, unataka tufanye nini?

Swali la nne ndilo walimu hulisahau, nalo ndilo linaloondoa hofu pande zote mbili. Wengi watakwambia, "niache, nitainuka mwenyewe." Wengine wana namna yao ya kuinuliwa na ukiwavuta mkono utawaumiza bega. Jua sasa, si wakati yuko chini na darasa zima limemzunguka.

Hatua ya 2: Jua machache ya afya yanayogusa uwanja

Huhitaji kuwa mganga. Lakini haya usiyapite.

*Mgongo wazi.* Hawa ni waliozaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri. Wengi wao huwa na mzio wa lateksi, yaani mpira wa asili unaotengenezewa maputo na glavu nyingi. Watu hupenda kuanza na mchezo wa puto kwa sababu puto huenda polepole. Kwa mtoto huyu puto la kawaida linaweza kumletea vipele, hata kumbana pumzi. Tumia mpira wa plastiki wa ufukweni badala yake. Baadhi yao pia wana mrija uliowekwa kupunguza maji kichwani. Hao wasipige mpira kwa kichwa, na wakilalamika kichwa kuuma pamoja na kutapika au kusinzia, mchezo umekwisha, ni hospitali.

*Jeraha la uti wa mgongo.* Sehemu iliyo chini ya jeraha mara nyingi haihisi na haitoi jasho. Hivyo mwili hupata joto upesi kuliko wa wenzake, na ngozi inaweza kuungua kwenye saruji yenye jua au kuchubuka kwenye mkeka yeye asijue. Mlowanishe maji usoni na shingoni, mpe kivuli, na kila baada ya robo saa hivi ajiinue kwenye kiti kidogo damu ipite. Kama jeraha liko juu, usawa wa kifua au shingo, ipo hatari moja unayopaswa kuitambua: kichwa kinagonga ghafla, uso unakuwa mwekundu, jasho linatoka juu ya jeraha. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo, kama mrija wa mkojo uliokunjika au mkanda uliobana, lakini shinikizo la damu hupanda vibaya. Mwache akae wima, usimlaze. Legeza kila kinachobana, nyoosha mrija, ita msaada wa matibabu mara moja.

*Mtindio wa ubongo.* Hapa nina maana ya ubongo ulioumia mapema ukashindwa kuongoza misuli vizuri. Kishindo cha ghafla hukaza misuli. Filimbi iliyopigwa sikioni inaweza kumfanya aachie mpira au aanguke. Anzisha mchezo kwa kuhesabu au kwa kuinua mkono. Baridi na haraka pia humkaza, kwa hiyo mpe muda mrefu wa kupasha mwili moto.

*Misuli inayodhoofika* na *mifupa inayovunjika kwa urahisi.* Wa kwanza asichezeshwe mpaka achoke kabisa. Wa pili asiwekwe penye kugongana, hata kwa bahati mbaya.

*Mguu bandia.* Baada ya kipindi aangalie ngozi ya sehemu iliyobaki ya mguu. Pakiwa na wekundu usioisha, apumzike kuuvaa kwa muda.

Hatua ya 3: Kagua njia, kisha uwanja, kisha chombo

Nimeandika njia kwanza kwa makusudi. Nimewahi kuandaa uwanja mzuri sana wenye mistari iliyonyooka, kisha nikagundua kati ya darasa na uwanja huo kuna mtaro. Mwanafunzi alifika akiwa amebebwa na wenzake wanne, amekasirika, na siku hiyo hakucheza. Pita njia hiyo wewe kwanza, siku moja kabla, ukiwa unasukuma kiti kitupu.

Kwenye kiti angalia upepo wa matairi, breki, skrubu zilizolegea, na vile vigurudumu vidogo vya nyuma vinavyozuia kiti kupinduka kama kinavyo. Kikanyagio cha miguu ndicho huumiza miguu ya wenzake, hivyo kifunge sponji au kitambaa kizito. Kwenye magongo angalia vile vifuniko vya raba vya chini. Kikiisha kimoja, gongo huteleza kama sabuni.

Hatua ya 4: Chagua mchezo ambao darasa lingeucheza hata hivyo

Usianze na "mchezo wa walemavu". Kama darasa lina zamu ya mpira wa wavu wiki hii, fanya kazi na mpira wa wavu. Andika kwenye daftari sentensi moja tu: lengo la kipindi hiki ni nini? Kulenga? Kupokea mpira unaokuja? Kutafuta nafasi? Kukimbia tu mpaka moyo uende mbio? Ukishalijua lengo, utajua nini kiguswe na nini kiachwe. Kama lengo ni kulenga, kukimbia si lazima. Kama lengo ni kutafuta nafasi, haidhuru mpira umedakwa kwa mikono au umewekwa mapajani.

Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila mchezo una mambo manne unayoweza kuyagusa: uwanja, kanuni, vifaa na watu. Kosa la wanaoanza ni kuyagusa yote manne siku moja. Mchezo unakuwa kitu kingine kabisa, darasa linachoka, na wewe hujui kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

*Uwanja.* Ufupishe, au uupanue kwa sababu kiti kinahitaji nafasi ya kugeukia. Shusha wavu. Sogeza mstari wa kuanzia kwa mchezaji mmoja. Tenga ukanda wa upana wa mita mbili kando ya uwanja ambamo mchezaji fulani haingiliwi. Huu ukanda ni dawa nzuri ya kuanzia, lakini una ubaya wake: ukiuacha wiki nyingi unageuka kizimba. Uondoe mara tu anapoweza kulinda mpira wake.

*Kanuni.* Ruhusu mpira udunde zaidi. Tenisi ya viti vya magurudumu imefanya hivi tu: mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa, na mdundo wa pili unaweza kuwa nje ya uwanja. Mchezaji wa kiti anaweza hata kucheza na mwenzake anayetembea, mmoja akiwa na midundo miwili na mwingine mmoja, na mchezo ukawa mkali. Tenisi ya mezani nayo: mpira wa kuanzisha ukimwendea mchezaji wa kiti lazima utokee mwisho wa meza, ukitokea pembeni, unarudiwa. Angalia jinsi mabadiliko hayo yalivyo madogo. Kanuni moja imelegezwa pale tu ulemavu unapozuia, kwingine kote ni mchezo ule ule. Fuata mfano huo.

*Vifaa.* Mpira mkubwa zaidi, mwepesi zaidi, wenye rangi inayoonekana, uliopungua upepo ili usikimbie. Kwa anayeshindwa kushika raketi au fimbo ya kuchezea, kifunge mkononi kwa mkanda mpana wa kitambaa, si kwa kamba nyembamba, na uhakikishe vidole havibadiliki rangi. Kwa asiyeweza kurusha, mpe mfereji wa bomba auteremshie mpira.

*Watu.* Badilisha idadi, badilisha nani anamkaba nani. Wapangie wanaolingana kasi wakabane. Watatu kwa watatu humpa kila mmoja mpira mara nyingi kuliko kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na hili ni kweli kwa darasa zima.

*Angalizo:* usitoe kanuni ya "akipata yeye mpira, wote simameni." Huo si mchezo tena, ni maonyesho, naye anajua.

Hatua ya 6: Jaribu dakika tano na watu wachache

Chukua wanafunzi sita, akiwemo yeye, mcheze wakati wengine wanapasha mwili moto. Tazama kitu kimoja tu: kwa dakika hizo tano mpira umemfikia mara ngapi, na ulipomfikia *alikuwa na uamuzi wa kufanya*? Mchezaji anayepokea na kurudisha mpira kwa mtu yule yule kila mara ni ukuta. Mpe machaguo mawili: kupasi kulia au kushoto, kupiga au kungoja.

Hatua ya 7: Gawa timu wewe mwenyewe

Manahodha wakichagua, unajua nani atabaki wa mwisho. Njia ninayoipenda nimeiazima kwenye mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Huko kila mchezaji hupewa pointi kuanzia 1.0 hadi 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, na wachezaji watano walio uwanjani hawapaswi kuzidi pointi 14 kwa jumla. Maana yake timu haiwezi kujaza wenye nguvu tupu. Mwenye pointi moja ana thamani kubwa kwa sababu ndiye anayefungua nafasi ya kuwaingiza wa pointi nne. Darasani usimpe mtu pointi za ulemavu hadharani. Fanya hesabu hiyo kimoyomoyo au daftarini, kwa wanafunzi wote, uhakikishe timu zinalingana.

Hatua ya 8: Chezesha, simamisha, uliza

Eleza kanuni mpya kwa darasa zima kama kanuni za leo, si kama msaada kwa fulani. "Leo mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili." Basi. Baada ya dakika kumi simamisha, waulize wote kanuni ipi iondolewe na ipi iongezwe. Watoto ni watunga kanuni hodari kuliko sisi. Ni kazi waifanyayo kila jioni bila mwalimu. Mwishoni andika kilichofanya kazi kabla hujasahau.

Michezo minne ya kuanzia

*Mpira wa wavu wa kukaa.* Huu ndio ninaomshauri kila anayeanza, kwa sababu unalisawazisha darasa zima kwa mara moja: wote chini. Uwanja rasmi ni mita 10 kwa 6, wachezaji sita kila upande, wavu ukiwa na kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Shuleni funga kamba tu kati ya nguzo mbili. Kanuni kuu ni kwamba makalio yasiachane na sakafu wakati wa kugusa mpira, na mpira wa kuanzisha unaruhusiwa kuzuiwa pale pale wavuni. Dakika tano za mwanzo zitumie kuwafundisha kusogea wakiwa wamekaa, kwa kujisukuma na viganja, bila mpira kabisa. Ukiruka hatua hii, mpira utaanguka mbele ya kila mtu na watachukia mchezo. Utashangaa: mara nyingi mwenye ulemavu wa miguu ndiye mwepesi kuliko wote, kwani wenzake hawajui miguu yao waiweke wapi. Sakafu iwe laini au ina mkeka, na kwa wasiohisi ngozi wavae suruali nene.

*Bochia.* Mchezo wa kulenga, uliomo kwenye Paralimpiki tangu mwaka 1984, unaofaa sana wenye ulemavu mzito wa mikono na miguu yote. Kila upande una mipira sita, upande mmoja myekundu na upande mwingine ya buluu. Mpira mweupe unarushwa kwanza, kisha kila upande unajaribu kuusogelea. Upande ulio mbali zaidi na mweupe ndio unaorusha, mpaka mipira iishe. Hesabu: aliye karibu zaidi anapata pointi kwa kila mpira wake ulio karibu kuliko mpira wa karibu wa mpinzani. Mpira rasmi una gramu 275. Soksi yenye mchanga wa uzito huo inafanya kazi kwa wanaorusha kwa mkono. Kwa anayetumia mfereji wa bomba tafuta mpira wa duara kamili usiozidi upana wa bomba.

Kwenye bochia kuna kanuni moja ningependa iandikwe ukutani kwa kila shule. Mchezaji anayetumia mfereji huwa na msaidizi wa kuushika na kuusogeza, lakini msaidizi huyo lazima aupe uwanja mgongo. Haruhusiwi kutazama. Mchezaji anasema "kushoto, kidogo, inua," naye anatii. Hivyo shabaha, mbinu na kosa vyote ni vya mchezaji. Fanya hivyo hivyo darasani na kila msaidizi, hata kwenye michezo mingine.

*Mpira wa miguu kwa magongo.* Kama una wanafunzi waliokatwa mguu au mguu mmoja ni dhaifu. Timu rasmi huwa na wachezaji saba. Wachezaji wa uwanjani hucheza kwa mguu mmoja na magongo, golikipa hutumia mkono mmoja. Gongo likigusa mpira kwa makusudi ni kosa, kama kuushika kwa mkono. Changanya na wasio na ulemavu kwa kuwapa nao magongo, uone watakavyohema. Pumzika mara kwa mara: viganja na mabega huchoka kabla ya mguu.

*Mbio za kupokezana.* Acha kijiti, tumia mguso wa mkono au bega. Kwenye Paralimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 ziliingizwa mbio za mseto za mita 100 mara nne: wanaume wawili na wanawake wawili, kwanza asiyeona vizuri, kisha mwenye ulemavu wa viungo anayekimbia, kisha mwenye mtindio wa ubongo, wa mwisho wa kiti cha magurudumu, na wanapokezana kwa kugusana. Darasani usilazimishe umbali sawa. Pima kila mtu anafika wapi kwa sekunde ishirini, hapo ndipo mstari wake.

Makosa yanayorudiwa

Kusukuma kiti bila kuuliza. Kiti ni sehemu ya mwili wake. Hushiki mabega ya mtu ukamsogeza.

Kuwapa wanafunzi wengine viti vya magurudumu vya wenzao wachezee. Kiti ni cha mtu, kinamfaa yeye, na kikivunjika hana miguu ya kesho.

Kumvua mguu bandia au vyuma vya miguu "ili awe huru" bila kumuuliza. Wengine hucheza vizuri bila hivyo, wengine huumia.

Kupiga makofi kwa kila anachofanya. Mpira umemtoka? Mwambie umemtoka, na mwonyeshe kwa nini.

Ikikwama

*Hataki kucheza.* Amezoea kutazama, na kutazama hakuna aibu. Usimvute. Mpe kwanza kazi ya kufundisha kanuni moja kwa wenzake, kisha mchezo wa wawili wawili, kisha timu ndogo. Kwa wengine ni wiki moja, kwa wengine muhula. Lakini kazi ya filimbi usiirudishe.

*Wenzake hawampasii.* Usiwahubirie. Weka kanuni kwamba goli halihesabiwi mpaka mpira umepitia angalau wachezaji watatu tofauti. Usitaje jina lake. Ukitaka kuona kama imefanya kazi, iondoe baada ya wiki tatu uhesabu.

*Wanalalamika si haki.* Wasikilize, huenda wana hoja. Kama mchezaji mmoja hashindiki kwa sababu umemlegezea kanuni mbili, kaza moja. Yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kufurahi.

*Mpira unampita kila mara.* Kabla ya kubadilisha mpira, badilisha mahali alipo. Mara nyingi amewekwa akitazamana na jua, au upande wa mkono wake dhaifu.

*Kiti kinageuka ovyo au kinavutia upande mmoja.* Upepo wa tairi haulingani, au mkono mmoja una nguvu zaidi. La kwanza ni pampu. La pili, mweke upande wa uwanja ambao mvuto huo unamrudisha ndani.

*Kiti kinataka kupinduka nyuma anapokaza kusukuma.* Mwambie aegemee mbele anapoanza, na ondoa begi linaloning'inia nyuma ya kiti. Begi hilo limeangusha wengi.

*Anachoka kabla ya wenzake.* Mizunguko mifupi, mabadiliko ya wachezaji kwa kila mtu kila baada ya dakika tatu. Akitoka peke yake atajiona mgonjwa. Wakitoka watano kwa pamoja ni zamu tu.

*Una mmoja tu, na darasa ni kubwa.* Gawa uwanja kwenye vituo vinne, watu kumi kila kituo, wazunguke. Kituo kimoja kiwe bochia au wavu wa kukaa, ambako wote wanacheza sawa. Vituo vingine vitatu rekebisha kidogo kidogo, kila wiki kimoja.

*Mzazi anakataa.* Kukataa huko huzaliwa na hofu aliyoishi nayo miaka mingi, usishindane nayo kwa barua. Mwalike kipindi kimoja, umkalishe karibu na mkeka, na siku hiyo chezesha mpira wa wavu wa kukaa. Kama anaweza, akae chini acheze na wewe.